Vidonge vya Damu na Chai Yangu

Siku mradi ulipofika shuleni kwetu, magari yalikuwa matatu na watu walikuwa saba, na kati ya hao saba sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kuchuma jani la chai. Nilijua kwa kutazama viatu. Walishuka na viatu vyeupe pepepe katika uwanja uliolowa mvua ya jana, wakasimama wakiinua mguu mmoja mmoja kuchungulia udongo mwekundu uliowaganda. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, nimekunja mikono, na kusema kweli nilifurahi.

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi upande huu wa Kapkatet, na nimefundisha hapa mpaka sasa nawafundisha watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza. Jambo moja lazima nilikiri mapema: nina mdomo. Mwalimu mkuu anaujua, jirani wanaujua, hata mhubiri wetu hutupa jicho upande wangu kabla ya kutamka jambo asilo na hakika nalo. Nilikuwa najivunia mdomo huo. Mume wangu alipofariki, ndio uliozuia shemeji zangu wasiguse shamba, na ndio uliomsukuma mwanangu wa pekee hadi akamaliza chuo cha ufundi. Sikuona sababu ya kuufunga kwa ajili ya watu wa viatu vyeupe.

Barua ilisema mradi umekuja kuhimiza watoto wa shule na wanawake wajawazito kula vizuri na kufanya mazoezi ya mwili. Mwalimu mkuu akanichagua mimi niwe mwalimu wa afya. Alisema ni kwa sababu ya sayansi, lakini ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyekuwa tayari kupoteza Jumamosi zake.

Walianza na watoto. Kijana mmoja mwenye filimbi shingoni aliwapanga mistari, akawatangazia kwamba leo watajifunza kukimbia. Kukimbia, katika nchi hii! Nusu ya watoto wale walikuwa wametoka ng'ambo ya bonde asubuhi ile, wameteremka hadi mtoni, wamevuka, wamepanda kilima kingine na begi mgongoni, na saa kumi wangerudi njia hiyo hiyo. Aliwaonyesha jinsi ya kuinua magoti. Walimtazama kwa heshima, kisha akapuliza filimbi, na kabla hajaitoa mdomoni walikuwa wameshazunguka uwanja na kurudi. Yeye alikuwa amefika kwenye goli la kwanza, ameshika kiuno.

Kwa haki niseme kwamba si wote. Wale wa karibu na soko, wanaoletwa kwa bodaboda na kushushwa langoni na kripsi mkononi, walikaa chini ya miti kabla ya kumaliza nusu. Niliwaona. Lakini sikuwa na haja ya kuwaona, kwa hiyo niliwatazama wale waliokimbia.

Kisha ikaja karatasi ya chakula. Ilikuwa kubwa, ya rangi, imebandikwa ubaoni kwa gundi, ina picha ya sahani yenye samaki wa rangi ya waridi na kitu kingine cha kijani chenye shina. Msichana wa darasa la tano akainua mkono akauliza huo mti mdogo ni wa nini. Akaambiwa ni mboga, inapatikana supamaketi. Watoto wetu hula githeri mchana, siku ambazo maharagwe yapo, na siku ambazo hayapo hula mahindi matupu. Baada ya somo la ubaya wa sukari, wageni wakagawa zawadi: kila mtoto pakiti ya juisi na biskuti. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka nikatokwa na machozi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya wajawazito. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, saa nane, kwa sababu kabla ya hapo wanawake wa hapa hawapatikani. Walikuja moja kwa moja kutoka kituo cha kupimia majani, wengine wakiwa bado na nailoni zao za kuzuia umande kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Wamesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, wameinama, wamenyooka, wamepanda miteremko na vikapu mgongoni. Kijana wa filimbi akawaambia tatizo la wanawake wa siku hizi ni kukaa sana. Akawaomba wainue mikono juu na kupiga hatua papo hapo, kushoto, kulia. Mmoja wao, mwenye mimba ya miezi minane, alimwambia kwa upole kwamba yeye hiyo ameshafanya leo, na angefurahi kama angeletewa kiti.

Katika wanawake wale alikuwamo mke wa mwanangu. Alikuwa na miezi mitano, mimba ya kwanza. Mwanangu anafanya kazi ya umeme Nairobi na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo tuliishi sisi wawili, mimi na huyu msichana wa watu kutoka Chebunyo. Kwao ni ng'ombe na wimbi, nchi ya jua. Alilelewa kwa maziwa ya mursik, yale yanayogandishwa kwenye kibuyu, na chai alikuwa akiinywa kwa wageni tu. Alipokuja kwetu hakujua hata kuchagua majani mawili na kichipukizi, na nilimfundisha. Ni mtu mtaratibu. Nikiingia jikoni husimama, nikimpa kitu hupokea kwa mikono miwili, na sijawahi kumsikia akinijibu zaidi ya ndiyo, Mama. Kwetu mke hakatai kinachotoka mkononi mwa mama mkwe wake. Nilidhani nimepata bahati.

Kati ya wageni kulikuwa na binti mmoja mwembamba, mtaalamu wa lishe, sauti ndogo, ambaye ndiye pekee aliyevaa gambuti za matope. Kijana wa filimbi alipoketi, binti huyo akasimama. Alizungumza juu ya mboga za managu na sagaa, uji wa wimbi, maharagwe, maini. Akasema yale ya zamani kwamba mjamzito asile mayai, au ale kidogo mtoto asije akawa mkubwa, yamewaua wengi. Akasema pia kwamba amezunguka huku na kuona chai imepandwa hadi kwenye kuta za jikoni, na mboga zinanunuliwa sokoni na watu wenye ekari nzima. Hapo nilianza kuwashwa, kwa sababu kwangu chai imefika hadi ukutani mwa jikoni.

Halafu akasema jambo la chai yenyewe. Akasema chai isinywewe pamoja na chakula, na hasa isitumiwe kumezea vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu inazuia dawa ile isiingie mwilini. Wameze kwa maji au kwa maji ya machungwa, wasubiri saa moja au mbili, ndipo wanywe chai.

Nilikuwa nimekaa mbele, kiti cha mwalimu wa afya. Nikasimama. Ukumbi ulinyamaza kabla sijafungua mdomo, maana walijua kinachokuja, na mimi nilijua kwamba wanajua.

"Madam," nikasema, "hilo bati liko juu ya kichwa chako limenunuliwa na chai. Mimi nimesomesha mtoto na chai. Sasa unatuambia chai inakunywa damu?"

Walicheka. Binti akajaribu kueleza kwamba hakusema hivyo, kwamba ni suala la saa tu, lakini sauti yake haikufika hata benchi la tatu. Nikaendelea. Nikamwambia kama ingekuwa hivyo angekuta huku ni makaburi tu, na kama ana shida na chai basi aende kiwandani akamweleze meneja. Wanawake walivunjika mbavu, wakapigana mabega. Hata kijana wa filimbi alicheka. Binti akageuza karatasi zake, akaruka sehemu iliyobaki, akahamia kwenye kunawa mikono.

Niliketi nikiwa nimeshiba. Nilipogeuka, nilimwona mke wa mwanangu kwenye benchi la dirishani, amefunika mdomo kwa kiganja, macho chini. Nilidhani anacheka kama wengine.

Sasa nieleze nilivyokuwa nikimtunza, kwa sababu nilimtunza. Niliamka mapema kumpikia chai kwa mkono wangu kabla ya kwenda shuleni. Chai yangu si ile ya kuchovya. Ni maziwa ya ng'ombe wetu, majani mengi, inachemka mpaka inageuka rangi ya matofali. Kikombe kikubwa, na kidonge cha damu kwenye kisahani. Nilisimama hapo mpaka ameze. Kanisani niliwaambia wenzangu kwamba wako mama wakwe wanaowatuma wake za watoto wao kuni na mimba ya miezi saba, ila mimi wangu namnywesha dawa mwenyewe. Nilipenda kuwaona wakitikisa kichwa.

Mwezi wa sita wa mimba alianza kuhema. Kutoka kituo cha majani hadi nyumbani ni mwendo mfupi wa kupanda, na alikuwa akipumzika mara tatu. Nikamfuma akila odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni na akina mama waliotoka upande wa ziwa. Mimi, mwalimu wa sayansi, ambaye kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni dalili za upungufu wa damu, nilichukua mawe yale nikayatupa katika shamba la chai, nikamwuliza kama kwao Chebunyo wamezoea kula udongo. Akasema pole, Mama.

Kliniki wakampima kiwango cha damu wakakuta tisa. Mwezi uliofuata, nane. Nilikasirika sana, na nikaanza kumtafuta wa kulaumu. Kwanza nikalaumu vidonge, kwamba serikali inatuletea vilivyokwisha nguvu. Kisha nikamlaumu yeye. Nikamshuku kwamba anavitema, maana nimefundisha watoto miaka mingi na nazijua mbinu zote za kuficha dawa shavuni. Asubuhi moja, baada ya kumeza, nilimwambia afungue kinywa. Akafungua. Nikamwambia ainue ulimi. Akainua. Hakukuwa na kitu chini yake.

Nikaona basi anahitaji nguvu zaidi. Nikaongeza majani, na kikombe kimoja kikawa viwili.

Alianguka siku ya Jumanne, kwenye foleni ya kupimia majani, kikapu kikiwa bado mgongoni. Jirani alinipigia simu nikiwa darasani. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya mwalimu mkuu, nimeshika kichwa chake mapajani, na nilipofunua kope la jicho lake ndani kulikuwa kweupe. Sikusema neno njia nzima. Nadhani mwalimu mkuu aliogopa zaidi kwa sababu ya hilo.

Damu ilikuwa imefika sita. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Akaeleza kwamba mtoto hana budi kutoka ndani ya wiki chache, na kwamba mtu mwenye damu ile akijifungua, hata akivuja kidogo tu, anaweza kuondoka mikononi mwao. Lazima aongezwe damu. Akasema ndugu waitwe waje kutoa, ili akiba iwepo. Nilimpigia mwanangu. Alikuwa juu ya ngazi mahali fulani Nairobi, akashuka, akaja bila kubadilisha nguo.

Muuguzi akafungua kijitabu cha kliniki, akapitia kurasa zote bila haraka. Akamwuliza mgonjwa kama alikuwa akimeza vidonge kila siku. Akajibu ndiyo. Akamwuliza anameza na nini. Hakujibu. Akatazama dirishani. Muuguzi akarudia swali, na kimya kile kikanikera, kwa sababu kilifanya ionekane tuna jambo la kuficha. Nikajibu mimi, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba nampa mwenyewe, kila asubuhi bila kukosa, na chai moto ya maziwa, vikombe viwili.

Muuguzi alivua miwani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alisema tu, polepole, "Mwalimu, sasa hiyo dawa ilikuwa inaenda wapi?" Kisha akaeleza yale yale ya binti wa gambuti, karibu neno kwa neno, huku akiandika.

Alipotoka nikavuta kiti karibu na kitanda. Nilimwuliza mke wa mwanangu kama alijua. Nilitaka aseme hapana. Ningekuwa na nafuu kubwa kama angesema hapana, tukawa wajinga wawili.

"Nilijua, Mama," akasema. "Hata sista wa kliniki aliniambia mara mbili."

"Sasa mbona ulikuwa unakunywa?"

Mkono wenye sindano ulikuwa juu ya tumbo.

"Ningekuambia aje? Si mimi nilikuwa hapo kanisani. Niliona vile ulifanyia yule madam. Na yeye amesoma."

Niliaibika, na aibu ile haikuwa ya kupita. Msichana huyu alikuwa amepima ulimi wangu na kaburi, akaona kaburi ni nafuu. Kila asubuhi alisimama mbele yangu akijua, akanywa, akafungua kinywa nikachungulia, akaenda kuchuma chai.

Mwanangu alitoa damu, na jirani wawili, na mwalimu mkuu. Mimi waliniambia shinikizo langu liko juu, nikae. Nilikaa kwenye benchi la nje siku mbili mfululizo. Watu waliokuja kunipa pole walisema nimejitahidi, hakuna mama mkwe kama mimi, na sikuwarekebisha. Hilo nalo naliandika hapa kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa na mdomo wa kumfunga mgeni mbele ya ukumbi mzima, nikakosa wa kusema mbele ya wanawake wanne kwamba ni mimi.

Wiki ya tatu alijifungua, mchana, mvua ya mawe ikipiga paa la wodi hata tukashindwa kusikilizana. Alivuja, kama muuguzi alivyohofia. Walikuwa na damu tayari, wakamtundikia, na saa kumi na moja mwanangu alitoka akaniambia wote wawili wazima. Mtoto ni msichana, mdogo, kilo mbili na kidogo. Nililia pale kwenye benchi kwa sauti, na sikujali nani ananitazama.

Nilimtafuta binti wa gambuti. Mradi ulikuwa umekwisha, magari yalishahamia upande wa Fort Ternan, na namba ya simu iliyokuwa kwenye barua ilipokewa na kijana wa filimbi. Akaniuliza kama watoto bado wanafanya yale mazoezi ya magoti. Nilimwambia wanakimbia vizuri. Binti, akasema, aliacha kazi ile zamani. Sikuuliza kwa nini.

Kabla hawajaruhusiwa kutoka hospitali niling'oa mistari miwili ya chai nyuma ya jikoni, nikapanda managu na sagaa. Jirani alikuja uani kuniuliza kama nimerukwa na akili kung'oa chai inayozaa. Nilianza kumpa jibu lake, kisha nikamweleza sababu ya kweli. Niliona anavyonitazama, na sikuipenda sura ile hata kidogo.

Walirudi nyumbani Jumamosi. Asubuhi ya tatu nilipika uji wa wimbi, nikauacha motoni nikibishana na mwalimu mkuu kwa simu juu ya mradi mwingine, wa meno safari hii, ambao nilikuwa nimeshauona ni upuuzi kabla ya kufungua bahasha. Nikamimina kikombe, nikampelekea kitandani. Alikuwa ananyonyesha. Akapokea kwa mkono mmoja, akaomba radhi kwa ule mwingine, akanywa hadi nusu.

Nikamwuliza uji uko aje.

"Ni mtamu, Mama."

Nilipoinama kumchukua mtoto, harufu ikanipiga. Nikakichukua kikombe nikaonja. Ulikuwa moshi mtupu. Nikaketi kitandani, mtoto begani, kikombe mkononi.

"Huu uji umeungua," nikasema.

Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Niambie wewe."

Alitazama mlango, akatazama mtoto. "Umeungua kidogo, Mama."

"Kidogo?"

Ndipo akaniinulia macho, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Umeungua sana. Haunyweki."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika pale pale, damu ikanipanda hadi masikioni, na maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, mazuri, makali, ya kumrudisha kwao Chebunyo bila kiatu. Aliyaona yakija. Nilimwona akivuta shuka hadi kifuani, akingoja.

Nikamrudishia mtoto. Nikatoka na kikombe, nikakimwaga, nikasugua sufuria, nikabandika uji mwingine na kusimama hapo nikikoroga.